Pumzi ya Sinatra

Msikilize Frank Sinatra anapofika mwisho wa mstari. Waimbaji wengi hupumua hapo, hata kama maneno bado yananing'inia. Yeye hupita. Sentensi huifikisha inakokwenda kwanza, na anapovuta pumzi ni vigumu kumsikia.

Ufundi huo aliuiba mgongoni mwa mtu. Mwaka 1940 kijana huyu wa Hoboken, New Jersey, aliingia kwenye bendi ya Tommy Dorsey, mpiga tromboni aliyesifika kwa kupuliza sauti ndefu isiyokatika. Kwa maelezo ya Sinatra mwenyewe, alikuwa akikaa nyuma ya bosi wake jukwaani, macho kwenye koti, akingoja mabega yapande. Wapi! Mwishowe akagundua kwamba Dorsey alikuwa akiingiza hewa kidogo kidogo kwa pembe ya mdomo huku ala ikiendelea kulia. Basi Sinatra akaanza kuogelea chini ya maji na kukimbia uwanjani ili apanue mapafu.

Lakini mapafu bila akili ni upepo tu. Kabla ya kuimba aliyasoma maneno kwenye karatasi, bila muziki, apate kujua wazo linaanzia wapi na linaishia wapi. Kisha kipaza sauti. Mwimbaji Bing Crosby alikuwa ameshaonyesha kwamba chombo hicho kinamruhusu mtu kuimba kwa upole. Sinatra akakipiga kama ala. Sauti ikipanda alirudi nyuma, ikishuka alisogea, na herufi kama “p” aliipunguzia makali isipasuke masikioni.

Mwaka 1950 sauti ilimkatika akiwa jukwaani New York, na miaka miwili baadaye kampuni ya muziki ya Columbia ikaachana naye. Mwishoni mwa 1952 alikuwa Kenya, ambako mkewe, Ava Gardner, alikuwa akiigiza filamu ya Mogambo. Huko ndiko alikoitiwa majaribio ya filamu ya From Here to Eternity. Akapanda ndege kurudi Marekani, akaipata nafasi ya askari Maggio kwa dola 8,000, na mwaka 1954 akatwaa Oscar ya mwigizaji msaidizi. Mtazame Maggio anavyozungumza: maneno yanamtoka kama mtu anayeyafikiria papo hapo. Ni kazi ileile ya karatasi bila muziki.

Wengi humjua kwa wimbo wa “My Way”. Mimi naiweka juu zaidi albamu ya 1955, In the Wee Small Hours, iliyopangiwa muziki na Nelson Riddle, ambaye naye aliwahi kupiga tromboni kwa Dorsey. Riddle anaziweka ala mbali kidogo na mwimbaji, zisimkanyage. Sauti imekuwa nzito kuliko ile ya ujana, na sasa Sinatra anathubutu kuikata sentensi katikati, pale ambapo mtu aliyeachwa angeshindwa kuendelea.