Utani Uliogeuka Ushauri

Geuza buti yoyote ya mtumba pale Toi Market uitazame nyuma, juu ya kisigino. Nyingi zina kitanzi kidogo cha ngozi au kitambaa. Unaingiza kidole, unavuta, mguu unaingia, kazi yake imeisha. Kitanzi hicho kwa Kiingereza ni bootstrap, na kutoka kwake ndiyo tukapata ule msemo ambao kila mtu aliyewahi kuketi kwenye semina ya vijana ameusikia: "pull yourself up by your bootstraps." Yaani, inama, shika vitanzi vya buti ulizovaa, vuta, ujinyanyue kutoka ulipo.

Jaribu basi. Ila ujifungie ndani kwanza, watu wasikuone.

Hutaenda popote, na si kwamba umekosa bidii. Ukivuta buti kwenda juu, buti nayo inakuvuta wewe kwenda chini kwa nguvu ileile. Jumla ni sufuri. Hii ni kanuni ya tatu ya Newton, fizikia ya sekondari, na watu wa karne ya 19 waliijua vizuri sana. Ndiyo maana msemo huu ulipoanza kuonekana magazetini Marekani, ulikuwa ni mzaha mtupu.

Mwaka wa 1834 kulikuwa na jamaa wa Nashville, Tennessee, aliyeitwa Nimrod Murphree. Alitangaza kwamba amegundua siri ya mashine ya mwendo wa daima, ile inayozunguka milele bila kulishwa chochote. Gazeti moja likamjibu kwa kejeli: kama ni hivyo, basi sasa ataweza kujibeba hadi ng'ambo ya mto Cumberland kwa kuvuta vitanzi vya buti zake. Hapo hakuna anayeshauriwa kujituma. Anayechekwa ni mtu anayedai kupata kitu kutoka kwa hewa. Hata mwaka wa 1888, kitabu cha fizikia cha Joel Dorman Steele kiliwauliza wanafunzi kwa nini mtu hawezi kujiinua kwa kuvuta vitanzi vya buti zake. Lilikuwa swali la mazoezi, na jibu lilijulikana.

(Wengine hupenda kusema asili ya yote haya ni Baron Munchausen, yule bingwa wa uongo wa hadithi za Kijerumani. Munchausen alijitoa kwenye kinamasi kwa kuvuta nywele zake mwenyewe, na farasi wake juu. Buti hazimo. Lakini ni ukoo mmoja wa vichekesho.)

Sasa, utani unageukaje kuwa ushauri? Haikutokea siku moja. Kufikia 1922, James Joyce anapoutumia kwenye *Ulysses*, tayari unahusu watu waliopanda kutoka chini hadi juu. Mimi nadhani kilichousaidia ni aina fulani ya hadithi ambayo Wamarekani walikuwa wakiila kama mkate. Chukua *Ragged Dick* ya Horatio Alger, iliyotoka kama kitabu mwaka wa 1868. Dick ni chokoraa wa New York, mpiga rangi viatu. Ndiyo, viatu, sijatunga. Leo jina la Alger likitajwa, watu wanawaza kijana aliyejitoa kwenye umaskini kwa jasho lake. Ukisoma kitabu chenyewe unakuta kitu kingine. Dick anafanya kazi, anaweka akiba, anajifunza kusoma, sawa. Lakini kinachomtoa barabarani ni mtoto anayeanguka majini kutoka kwenye feri. Dick anaruka, anamwokoa, na kumbe baba ya mtoto ni mfanyabiashara mwenye pesa, anayempa kazi ya ukarani. Bila ule mkono, Dick bado angekuwa amepiga magoti na brashi. Kitabu kina mkono huo waziwazi. Ni sifa ya kitabu iliyoufuta.

Na huu ndio ugomvi wangu na msemo wenyewe. Tatizo lake si ukali. Bidii siipingi, nalipa kodi ya nyumba kwa kuandika makala moja baada ya nyingine. Tatizo ni kwamba kila ninapoona mtu akitajwa kuwa amejinyanyua, nikitazama kwa makini naona mkono wa mtu mwingine, na msemo upo pale kuuficha.

Aliyelisema jambo hili vizuri kuliko wote ni Martin Luther King. Tarehe 31 Machi 1968, kwenye kanisa kuu la kitaifa mjini Washington, siku nne kabla ya kuuawa, alisema ni ukatili kumwambia mtu asiye na buti ajinyanyue kwa vitanzi vya buti. Hakuishia hapo. Aliwakumbusha wasikilizaji kwamba serikali iliyomwachilia mtu mweusi kutoka utumwani bila chochote ndiyo iliyokuwa ikigawa ardhi ya magharibi kwa wazungu. Sheria ya Homestead ya 1862 ilimpa mwenye kuomba ekari 160, akishakaa na kuzilima miaka mitano. Wajukuu wa waliopewa ndio waliokuja kuhubiri vitanzi.

Ajabu ni kwamba mainjinia ndio waliobaki waaminifu. Kompyuta "inabuti" kwa sababu ya msemo huuhuu: mashine haiwezi kuendesha programu kabla haijaendesha programu ya kuileta programu. Wakatatua vipi? Kuna kipande kidogo cha maagizo ambacho mtu wa kiwandani alishakiweka ndani kabla hujainunua. Kompyuta haijiamshi yenyewe. Kuna mtu aliyeipa cha kuanzia, na hakuna injinia anayeona aibu kukuambia.

Linganisha na wasee wa kampuni changa hapa Nairobi. Kwao "bootstrapping" ni kuanzisha biashara bila mwekezaji, na ni sifa ya kujipiga kifua. Nimeketi kwenye kikao ambapo kijana wa rika langu alieleza hivyo kwa saa nzima. Wakati wa maswali ndipo ikatoka kwamba ofisi ni chumba kwenye jengo la mzazi na mteja wa kwanza ni mjomba. Simlaumu kwa kuwa na mjomba. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu karo ilikwama, na jibu nililopewa kwenye dirisha la malipo lilikuwa neno moja: jipange.

Hilo neno limenikaa akilini, kama mtu wa lugha. Kiingereza angalau kimeacha ushahidi wa uhalifu: buti bado zimo ndani ya sentensi, na ukizitazama vizuri utani unarudi. Kiswahili kina kile kiambishi kidogo, *ji-*, kinachomfanya mtenda na mtendwa kuwa mtu mmoja bila kelele. Jipange. Jitume. Jiajiri. Jitegemee. Hakuna buti, hakuna mto wa kuvuka, hakuna anayecheka. Sarufi inapitisha kila kitu. Na tunavitumia katika nchi iliyoweka "Harambee" kwenye nembo yake ya taifa, neno la watu wanaovuta kitu kizito pamoja, kamba moja, mikono mingi. Wazazi wetu wengi walisoma kwa harambee za karo. Kadi za michango zilipita kijijini, jina na kiasi vikaandikwa, na hadi leo kuna wazee wanaokumbuka nani alitoa jogoo.

Siku hizi kadi ni kikundi cha WhatsApp na namba ya paybill, na watu wanaombana radhi kabla ya kuituma.