Bidii ya Abdi, bahati ya Abdi

Penye nia pana njia. Ndivyo tunavyoambiwa kila siku ya kugawa vyeti, na ndivyo wengi watakavyosoma Call Me American, kitabu cha Abdi Nor Iftin wa Somalia kilichotoka mwaka 2018. Mimi naona kitabu chenyewe kinasema zaidi ya hapo, na ndiyo maana kinafaa kusomwa.

Bidii ipo, tena nyingi. Abdi alikulia Mogadishu wakati wa vita. Kiingereza alikiokota kwenye sinema za Marekani, akirudia maneno ya waigizaji mpaka mtaa ukamwita Abdi American. Baadaye akawafundisha wenzake. Al-Shabaab walipoushika mji, jina hilo likawa la kumtoa roho. Hakuacha. Alijirekodi kwa siri akieleza maisha yake, akatuma sauti hiyo kwa redio ya Marekani. Kurasa hizi ni tamu kwa sababu hazijisifu: unaona tu mtu anajisomesha bila karo wala dawati.

Mwaka 2011 akamfuata ndugu yake Hassan Nairobi, wakaishi chumba kimoja Eastleigh. Mwaka 2013 Abdi akashinda loto ya grini kadi. Hapa usome polepole. Loto ile ilikuwa na viza zisizozidi 55,000 kwa mwaka, na waombaji walikuwa mamilioni. Ili ukubaliwe ulitakiwa uwe umemaliza sekondari, au uwe na miaka miwili ya kazi yenye ujuzi. Yaani shule ilikupa ruhusa ya kuingiza jina tu. Aliyechagua jina ni kompyuta. Mwaka 2014 polisi wakaja na msako Eastleigh, ndugu hawa wawili wakajifungia ndani kwa hofu. Mwezi wa nane Abdi akapanda ndege kwenda Maine. Hassan akabaki.

Kasoro ya kitabu ni kwamba Hassan tunamwona kwa macho ya Abdi peke yake. Ningependa tumsikie mwenyewe. Lakini kasoro kubwa iko kwetu wasomaji. Tukisema Abdi alifika kwa sababu alijituma, tumeshasema Hassan alibaki kwa sababu ya uvivu. Na maneno hayo yanampata kila kijana wa hapa kambini mwenye cheti chake, ambaye keisi yake imelala miaka bila hata simu moja. Anaanza kujiuliza amekosa nini.

Msinielewe vibaya, sisemi watu waache shule. Kiingereza cha Abdi kilifanya kazi kabla ya viza: ndicho kilichofanya wageni wamsikie redioni, na familia moja ya Maine ikampokea. Huko alianza na kibarua cha nyumba kwa nyumba, kisha akawa mkalimani wa Wasomali wenzake. Elimu ilimfaa Mogadishu, ikamfaa Nairobi, ikamfaa Maine. Thamani yake haikungoja ndege.

Kwa hiyo walimu na watu wa mashirika, mkikisoma kitabu hiki na vijana, msiishie uwanja wa ndege. Waulizeni: Hassan alikosea wapi? Waacheni watafute mpaka waone hakuna kosa. Hapo ndipo mazungumzo kuhusu bidii yaanze.