Utani wa Dick Gregory na Gharama Yake

Utani, kama Waswahili na majirani zao wanavyoujua, una kanuni zake. Mtani huruhusiwa kusema lisilosemeka, hata msibani, na anayetaniwa hana haki ya kukasirika. Ruhusa hiyo haitoki hewani, bali hutokana na makubaliano ya pande mbili kwamba wao ni sawa, leo kwangu na kesho kwako. Je, mtani afanyeje anapomtania mtu asiyekubali kuwa ni mwenziwe? Swali hili ndilo linaloziunganisha sanaa na siasa za Dick Gregory, mchekeshaji Mweusi wa Marekani aliyezaliwa St. Louis, Missouri, tarehe 12 Oktoba 1932, na kufariki dunia Washington tarehe 19 Agosti 2017.

Gregory alikulia katika ufukara. Mbio zilimfikisha katika Chuo Kikuu cha Southern Illinois. Jeshini, katikati ya miaka ya 1950, akaanza kuchekesha jukwaani. Chicago alifanya kazi posta mchana, na usiku akawachekesha Weusi wenzake vilabuni. Januari 1961 aliitwa kujaza nafasi ya mchekeshaji mwingine katika klabu ya Playboy ya mji huo. Wengi wa waliohudhuria walikuwa wafanyabiashara Wazungu kutoka Kusini. Aliwachekesha kwa ubaguzi wao wenyewe, wakacheka, na tangu usiku ule jina lake likavuma.

Mzaha wake mashuhuri unastahili kuchunguzwa kwa makini. Anaingia mkahawani Kusini, naye mhudumu anamwambia kuwa pale hawahudumiwi Weusi. Anajibu kuwa haidhuru, kwani yeye hali Weusi. Aletewe kuku mzima. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa kumhudumia mgeni na kwa kuandaa chakula mezani, na ndiyo maana jibu hilo linachoma. Kiswahili kinamnyima mfasiri nafasi hiyo. Sisi tunapakua chakula na kumpakulia mgeni, na kiambishi kidogo cha kutendea kinatosha kumtenga mlaji na kinacholiwa. Sehemu ya pili, hata hivyo, haipotei katika tafsiri yoyote. Vijana watatu Wazungu wanamjia na kumtisha kuwa lolote atakalomtendea yule kuku, nao watamtendea yeye. Gregory anaweka kisu na uma chini, anamnyanyua kuku na kumbusu.

Nguvu ya mzaha huo imo katika mantiki yake. Gregory hamtukani mtu, hanyanyui sauti, wala haombi huruma. Anakichukua kiapo cha maadui zake neno kwa neno na kuwaachia waamue kama watakitimiza. Anawatendea kama watani, watu wanaofungwa na ahadi zao, ilhali wao wamekataa kabisa kumwona kama mtu. Usawa ambao sheria na desturi zilimnyima, mzaha wenyewe unauchukulia kuwa tayari upo.

Hakuridhika na usawa wa kudhaniwa. Alipoalikwa mwaka 1961 katika kipindi cha televisheni cha Jack Paar, alikataa kwenda mpaka aahidiwe kuwa baada ya kuchekesha ataketi kwenye kochi na kuzungumza na mwenyeji, heshima ambayo wasanii Weusi hawakuwa wakipewa. Alikubaliwa. Aliyeketi alikuwa mgeni mwenye mke, watoto na maoni, wala hakuwa tena kiburudisho kinachoondoka makofi yakiisha. Tawasifu yake ya mwaka 1964, aliyoiandika pamoja na Robert Lipsyte, aliipa jina la tusi lile lile walilotukaniwa Weusi. Katika tabaruku, alimweleza marehemu mama yake kwamba akilisikia tena neno hilo ajue kinatangazwa kitabu cha mwanawe.

Lakini kicheko cha klabuni hakikuvuka mlango wa klabu. Medgar Evers alimwalika Mississippi mwaka 1962 kuhutubia mkutano wa uandikishaji wa wapiga kura. Baadaye, wilaya ya Leflore iliposimamisha ugawaji wa chakula cha serikali, na Weusi maskini wakabaki na njaa, Gregory alipeleka huko kwa ndege, Februari 1963, chakula cha tani 7 hivi. Mei mwaka huo alifungwa Birmingham. Juni, Evers aliuawa. Mwaka 1965, akijaribu kutuliza ghasia za Watts, Los Angeles, Gregory alipigwa risasi ya mguu. Kisha zikafuata saumu ndefu za kupinga vita vya Vietnam, na mwaka 1968 aligombea urais, akapata kura zipatazo 47,000. Vipeperushi vyake vya kampeni vilifanana na noti ya dola 1 yenye sura yake, hata maofisa wa serikali wakavikamata. Huo nao ulikuwa mzaha wake, ila sasa umechapwa kwenye karatasi.

Lawama iliyo wazi ni kwamba siasa ziliiua sanaa. Lawama hiyo haiungwi mkono na kazi zake, kwani noti ile na kuku yule ni mantiki moja. Upungufu uko kwingine. Kadiri miaka ilivyokwenda, Gregory alizidi kuamini njama za siri, na shaka yake juu ya maelezo ya serikali, ambayo historia ya Weusi wa Marekani inaieleza vya kutosha, ikageuka yakini isiyohojiwa. Katika mizaha yake bora alijiweka mwenyewe hatarini, mwoga mwenye njaa mbele ya sahani. Katika hotuba nyingi za uzeeni alikuwa mjuzi aliyewafunulia wasiojua, na mjuzi wa namna hiyo hana mtani.

Hata hivyo, hesabu yake haipunguki sana kwa hilo. Mwaka 2016 maisha yake yaliigizwa New York katika tamthilia ya Turn Me Loose, ambayo jina lake ni maneno ya mwisho ya Evers. Uteuzi huo wa jina ni tahakiki nzuri kuliko nyingi. Unamweka mchekeshaji kando ya rafiki aliyemwita Mississippi, mahali ambapo Gregory alijua fika kuwa wengi hawakuwa tayari kucheka, naye akaenda.