Kumsoma Dagaa: Mwongozo wa Kutambua Ufundi wa Wavuvi na Waanikaji wa Ziwa Tanganyika

Ubora wa dagaa mkavu hautokani na jambo moja, bali ni matokeo ya kazi nne zinazofuatana, yaani kuvua, kupakua, kuanika na kufungasha, na kila kazi kati ya hizo huacha alama yake katika mwili wa samaki asiyezidi urefu wa kidole. Kwa sababu hiyo mjuzi wa dagaa hategemei sana maneno ya muuzaji, kwa kuwa akishika konzi moja tu huweza kurudi nyuma hatua kwa hatua, kutoka kwenye gunia hadi kwenye kichanja, na kutoka kwenye kichanja hadi kwenye mtumbwi, akatambua saa zilizopotea njiani na mahali zilipopotelea. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya usomaji huo kwa dagaa wa Ziwa Tanganyika, na hoja inayouongoza ni kwamba jua huhifadhi ubora uliopo lakini haliwezi kuurudisha ule uliokwisha kupotea kabla ya samaki kuanikwa.

Samaki wenyewe

Jina dagaa hubeba samaki wa aina zaidi ya moja, na anayetaka kuhukumu ubora hana budi kuanza kwa kuzitenganisha. Dagaa wa Ziwa Victoria, ambaye Kenya huitwa omena na Uganda mukene, ana undugu na ningu, ilhali dagaa wa Tanganyika ni wa ukoo wa saradini wa baharini, ingawa maisha yake yote hupita katika maji baridi yasiyo ya chumvi. Katika Ziwa Tanganyika lenyewe wapo wawili: Stolothrissa tanganicae, mwembamba na mwenye kung'aa, ambaye ndiye wengi humfikiria wanapotaja dagaa wa Kigoma, na Limnothrissa miodon, mnene na mkubwa zaidi, ambaye akikomaa huitwa lumbu, hasa upande wa Burundi na Kongo. Huyu wa pili ndiye aliyepandikizwa katika Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, ambako Wanyarwanda humwita isambaza, na baadaye katika bwawa la Kariba, ambako ni maarufu kwa jina la kapenta. Tofauti hii ina maana kwa mnunuzi, kwa sababu mwili mnene hukauka polepole kuliko mwili mwembamba, na fungu lililochanganya wote wawili kwa ukubwa usiolingana kwa kawaida huwa na wembamba waliokauka kupita kiasi na wanene ambao bado wana unyevu ndani.

Ziwa na majira yake

Ziwa Tanganyika lina urefu wa takriban kilomita 670 na kina kinachofikia mita 1,470, kina kinachozidiwa na Ziwa Baikal peke yake duniani, lakini sehemu kubwa ya kina hicho haina uhai wa samaki. Maji ya juu, yenye joto na mepesi, huelea juu ya maji ya chini yaliyo baridi na mazito, na kwa kuwa matabaka hayo hayachanganyiki kwa urahisi, hewa ya oksijeni huishia katika mita mia moja au mia mbili za juu, huku virutubisho vya mimea ya majini vikizama na kubaki chini. Kinacholifungua ghala hilo ni upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba, wakati wa kiangazi, upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya joto kuelekea kaskazini, na maji ya chini hupanda upande wa kusini. Upepo unapotulia, matabaka yaliyoinama hurejea yakiyumba kama maji katika karai lililosukumwa. Virutubisho vinavyopandishwa kwa njia hiyo hulisha mwani, mwani hulisha viumbe vidogo vinavyoelea majini, na viumbe hivyo hulisha dagaa.

Kiangazi kwa hiyo kina sura mbili ambazo mjuzi huzipima pamoja. Mawimbi yake huwafanya wavuvi wengi washindwe kutoka au wakatishe usiku wao, lakini jua lake kali na hewa yake kavu huanika dagaa vizuri ndani ya siku moja, kazi ambayo wakati wa masika huweza kuchukua siku mbili au tatu. Ndiyo maana dagaa wa Julai na dagaa wa Machi hawapimwi kwa kipimo kimoja: dosari ndogo katika mzigo wa kiangazi ni uzembe, ilhali mzigo safi uliotoka katikati ya mvua ni ushahidi wa fundi asiye wa kawaida.

Usiku wa taa

Mchana dagaa hushuka kwenye kina chenye giza ili kuwakwepa maadui, na usiku hupanda kufuata chakula chao, na tabia hiyo ndiyo msingi wa uvuvi wa taa. Zamani wavuvi walichoma kuni mtumbwini na kuchota samaki kwa lusenga, yaani wavu wa mkono wenye umbo la pia. Baadaye ikaja karabai, taa ya mafuta ya taa inayopampuliwa kwa mkono, na siku hizi taa za betri na sola zimeenea. Chombo kinachotumika zaidi ni mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa nguzo, ambayo kati yake wavu hushushwa wazi chini ya mwanga, ukaachwa hadi samaki wakusanyike, kisha ukavutwa juu kwa pamoja.

Ustadi wa hatua hii umo katika kukadiria muda. Nahodha akivuta mapema, samaki huwa bado wametawanyika; akichelewa, migebuka, ambao huwawinda dagaa na huvutwa na mwanga uleule, hufika na kulivuruga kundi. Mwezi nao una amri yake, kwa sababu mbalamwezi hupunguza nguvu ya taa, na ndiyo maana wavuvi wengi hupumzika siku zinazouzunguka mwezi mpevu na kuhesabu mapato yao kwa giza, yaani kipindi cha usiku usio na mwezi. Mnunuzi anayefahamu kalenda hiyo hushangaa kwa haki anapoambiwa siku mbili baada ya mwezi mpevu kwamba gunia zima limevuliwa jana.

Jambo lenye uzito zaidi kwa ubora, hata hivyo, ni hatima ya samaki baada ya kuingia mtumbwini. Mvuto wa saa tatu usiku, ikiwa chombo kitarudi mwaloni saa moja asubuhi, hulala saa kumi kabla ya kuguswa na mwanikaji, na ukiachwa katika lundo moja juu ya maji yaliyotuama tumboni mwa mtumbwi, wale wa chini hupondwa na uzito wa wenzao huku joto likipanda katikati ya lundo. Fundi huweka kila mvuto peke yake, katika masanduku yasiyo na kina kirefu na yenye matundu ya kutolea maji, na akifika mwaloni hupakua kwanza mvuto wa kwanza. Asiye fundi huchanganya yote kwa koleo, na kuanzia hapo hakuna awezaye kuwatenganisha wazuri na waliolala.

Kichanja na mchanga

Dagaa mbichi, kama samaki wengi, huwa takriban robo tatu ya uzito wake ni maji, na kazi ya kuanika ni kuyapunguza hadi yabaki kama sehemu moja ya kumi. Kwa hesabu hiyo, kilo moja ya dagaa mkavu hutokana na kilo tatu na nusu hivi za mbichi. Unyevu ukibaki juu ya sehemu 15 katika mia, ukungu huota ndani ya gunia hata kama samaki walionekana wakavu siku waliyofungwa.

Kichanja ni meza ya miti na wavu iliyoinuliwa kufikia kiuno, na ubora wake hauko katika usafi peke yake, kama wengi wanavyodhani, bali katika hewa inayopita chini na juu ya samaki kwa wakati mmoja. Dagaa aliyeanikwa kwenye mchanga hukauka upande wa juu tu, huku upande wa chini ukichemka polepole juu ya ardhi yenye joto, kisha hukusanywa kwa ufagio pamoja na mchanga, vipande vya majani na mbolea ya mbuzi waliopita. Hata juu ya kichanja, hata hivyo, kuna wanaokosea: aliyemwaga tabaka nene huzuia hewa aliyojenga kichanja kwa ajili yake. Mwanikaji hodari hutandaza tabaka moja ambalo wavu huonekana kupitia kwake, hugeuza mapema kabla ngozi haijagandamana na nyuzi, na hufunika jioni ili umande usirudishe maji ambayo jua limeyatoa mchana kutwa.

Konzi moja mkononi

Uchunguzi huanza kwa macho. Dagaa mzuri wa Tanganyika hubaki na rangi ya fedha ubavuni na kivuli cha samawati mgongoni, na kichwa chake hakijang'oka. Rangi ya manjano inayoelekea kutu huonyesha kwamba mafuta ya samaki yameungana na hewa kwa muda mrefu, na dalili hiyo huthibitishwa na harufu ya mafuta ya zamani na mwasho kooni baada ya kuonja. Baada ya rangi hutazamwa tumbo, nalo ndilo shahidi mkuu. Kwa kuwa dagaa huanikwa bila kutumbuliwa, vimeng'enya vya utumbo wake, yaani kemikali zinazosaga chakula, huanza kuusaga ukuta wa tumbo lenyewe mara baada ya kifo, na kadiri samaki anavyokaa bila kuanikwa ndivyo tumbo linavyolegea na kupasuka. Fungu ambalo matumbo mengi yamepasuka limechelewa kufika juani, na hakuna maelezo ya muuzaji yanayoweza kubadili ukweli huo.

Hatua ya pili ni ya mkono. Konzi ikibanwa kisha ikafunguliwa, dagaa wakavu hutawanyika na kutoa mlio mwepesi kama wa majani makavu, ilhali wenye unyevu hubaki wameshikana wakionyesha umbo la vidole. Mmoja akivunjwa katikati anapaswa kukatika. Akipinda kama ngozi, ndani yake bado kuna maji. Unga mweupe juu ya ngozi unaweza kuwa chumvi au ukungu, na ulimi hutofautisha: chumvi huyeyuka mara moja, ukungu huonekana kama pamba na huleta uvundo. Ikumbukwe pia kwamba chumvi huvuta unyevu wa hewa, kwa hiyo dagaa wa chumvi aliyenunuliwa mkavu huweza kulainika tena katika miji ya pwani.

Hatua ya tatu ni ya maji. Dagaa wachache wakimwagwa katika bakuli la maji na kukorogwa, mchanga huzama chini ndani ya dakika moja, na wingi wake ni hesabu ya wazi ya sehemu ya pesa ya mnunuzi iliyotumika kununulia ufuo. Jikoni hukumu hiyo hukamilika, kwa kuwa dagaa bora hubaki mzima hata baada ya kuoshwa kwa maji ya vuguvugu na kuungwa kwa nyanya na kitunguu, wakati aliyelala usiku mzima katika lundo husambaratika na kuugeuza mchuzi kuwa tope la kijivu.

Kipimo na bei

Namna ya kuuza hubadili namna ya kudanganya. Anayeuza kwa kisado au kopo hupata faida kwa kumwaga dagaa bila kuwashindilia, ilhali anayeuza kwa kilo hufaidika na kila tone la maji na kila punje ya mchanga iliyobaki. Mnunuzi wa kilo kwa hiyo huanza na jaribio la kuvunja na la bakuli, na mnunuzi wa kisado hutikisa kopo kwanza kabla ya kukubali kwamba limejaa. Katika gunia, sehemu ya kuchunguza ni katikati na chini, si mdomoni. Methali isemayo samaki mmoja akioza wote wameoza hutumika zaidi kwa tabia za watu, lakini ndani ya gunia ni maelezo sahihi ya jinsi unyevu wa konzi moja unavyosambaza ukungu kwa mzigo mzima.

Kuna dosari moja ambayo hakuna kichanja kinachoweza kuifuta. Wachanga wa Limnothrissa hukulia karibu na ufuo, na fungu lililojaa samaki wadogo kama msumari mara nyingi hueleza habari za kokoro lililoburutwa kwenye maji mafupi badala ya wavu uliovutwa katika kina. Tanzania ilipofunga uvuvi katika ziwa hili kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, lengo lilikuwa kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana na kukua, na mnunuzi anayelipia wachanga hulivunja lengo hilo kwa mfuko wake, hata kama samaki hao ni wakavu, safi na wenye kung'aa.

Mwanikaji wa kichanja hutumia mbao, wavu, muda na mgongo wake, na akikuta sokoni bei yake ni ileile ya aliyeanika mchangani, msimu unaofuata hataona sababu ya kujenga kichanja kingine. Ujuzi wa kumsoma dagaa hauna thamani ukiishia kwenye kujua. Mnunuzi aliyetambua tumbo lisilopasuka, mvunjiko mkavu na bakuli lisilo na mchanga amlipe fundi tofauti anayostahili, na fungu lenye wachanga aliache mezani.