Pingili Zilizokosekana

Yai la nzi aitwaye Drosophila lina urefu wa nusu milimita tu. Likitagwa leo asubuhi, kesho wakati kama huu buu ameshatoka, naye amekamilika: pingili tatu za kifua, nane za tumbo, na upande wa chini mikanda ya vijino vinavyomsaidia kushika anapotambaa. Vijino vya kifuani ni vidogo na laini, vya tumboni ni vikubwa, na macho yaliyozoea huweza kutazama mkanda mmoja na kujua ni wa pingili ya ngapi. Nzi mwenyewe tunamjua. Ni yule mdogo mwenye macho mekundu anayezengea ndizi zilizoiva kupita kiasi, si yule mwingine anayetoboa maembe na kuwatia wakulima hasara. Asili yake ni Afrika, kusini mwa Sahara, ingawa sifa yake katika sayansi ilijengwa kwenye maabara za Marekani na Ulaya.

Mwaka 1978 Christiane Nüsslein-Volhard, Mjerumani, na Eric Wieschaus, Mmarekani, wote wawili wakiwa na umri wa miaka thelathini na ushei, walianza kazi pamoja katika maabara moja ndogo mjini Heidelberg, Ujerumani. Walitaka kujua yai hujuaje kichwa kikae wapi na mkia wapi. Hawakuwa na orodha ya jeni za kuanzia, wala hakuna mtu aliyekuwa nayo. Basi wakaamua kuziharibu jeni za nzi bila kuchagua, kisha kuwatazama watoto waliokufa kabla ya kuanguliwa na kusoma kwenye miili yao ni kitu gani kimekosekana.

Anayesikia habari hii hushangazwa kwanza na kule kuharibu. Kwa kweli hapo ndipo penye kazi ndogo kuliko zote. Madume hupewa maji ya sukari yaliyochanganywa na kemikali iitwayo EMS, sumu ambayo hata mwanasayansi huishika kwa glavu, nayo hubadilisha herufi moja moja za DNA ndani ya mbegu zao. Siku moja inatosha. Ugumu unaanza kesho yake. Nzi, kama sisi, ana nakala mbili za karibu kila jeni, moja ya baba na moja ya mama, na mara nyingi nakala nzima huificha mbovu. Ili kasoro ionekane, nakala mbili mbovu lazima zikutane katika mtoto mmoja, na mtoto huyo ndiye anayekufa. Sasa utaufugaje ukoo ambao unachokitafuta ndani yake ni kifo?

Jibu walilirithi. Mwanajenetiki Hermann Muller na waliomfuata walikuwa wametengeneza kromosomu za kusawazisha: kromosomu ambayo vipande vyake vimepinduliwa mara kadhaa, hivi kwamba haiwezi kubadilishana sehemu na mwenzake, tena imetiwa alama ya kuonekana kwa macho, kwa mfano mabawa yaliyojikunja. Nzi mwenye nakala mbili za kromosomu hiyo hafiki utu uzima. Kwa hiyo katika kichupa kilichopangwa vizuri, kila mwenye mabawa yaliyojikunja amebeba nakala moja mbovu, salama, kizazi baada ya kizazi.

Lakini vichupa vilikuwa maelfu kwa maelfu. Mfugaji wa Drosophila kwa kawaida hulazimika kuwatenga majike ndani ya saa chache tangu watoke kwenye pupa, kabla hawajapandwa, kwa sababu jike huhifadhi mbegu za dume na kuendelea kuzitumia, na akipandwa na asiyetakiwa hesabu yote imeharibika. Kuifanya kazi hiyo kwa mkono, ukoo kwa ukoo, kungemaliza miaka. Kwa kromosomu ya pili walipata njia nyingine. Waliingiza katika mpango wao badiliko linalomwua nzi akikulia kwenye nyuzi 29 za Selsiasi, kisha wakawalea watoto kwenye joto hilo. Waliobeba badiliko lile wakafa. Waliopata nakala mbili za kromosomu ya kusawazisha wakafa nao. Waliosalia ndani ya kila kichupa wakawa ndugu wa aina moja tu, ile iliyotakiwa, tayari kupandana wenyewe. Kila niusomapo mpango huu husimama hapa. Joto ndilo lililochambua, na katika vichupa vyote kwa pamoja.

Kisha yakaja mayai. Yasiyoanguliwa yalivuliwa ganda, yakalazwa kwenye kioo ndani ya kimiminika chenye asidi, yakawekwa kwenye joto mpaka nyama ya ndani ikayeyuka na kubaki ngozi peke yake na vijino vyake. Hadubini yao ilikuwa na sehemu mbili za kutazamia. Walikaa wawili, wakitazama kiinitete kimoja kwa wakati mmoja, siku nenda siku rudi. Mmoja akiona kitu, mwingine yupo hapo hapo kukubali au kukataa. Na mara nyingi hapakuwa na kitu: wengi wa waliokufa walikufa na pingili zote mahali pake, kwa sababu nyingine kabisa, na koo zao zikatupwa. Huo ndio ufundi ninaousifu hasa. Walimjua buu mzima kiasi cha kuweza kutupa karibu kila kitu bila majuto.

Waliobaki walikuwa wa ajabu, wa makundi matatu. Mfikirie buu kama mkeka, ambao hushonwa kwa kili, ukili mmoja baada ya mwingine. Katika kundi la kwanza ni kana kwamba mtu amekata kili kadhaa zinazofuatana: jeni iitwayo Krüppel ikikosekana, kifua chote na sehemu kubwa ya tumbo hutoweka. Katika kundi la pili amechomoa kila ukili wa pili, kutoka mwanzo hadi mwisho. Katika la tatu idadi imetimia, ila kila ukili umepoteza sehemu yake, na sehemu iliyobaki imerudiwa kinyumenyume. Kundi la pili ndilo linalonisisimua zaidi. Mtazame buu mzima utakavyo, hutaona dalili yoyote kwamba mwili wake uliwahi kupangwa pingili mbili mbili. Hatua hiyo hupita na kufutika, na ni uharibifu pekee ulioifichua.

Jeni 15 za kwanza zilichapishwa katika jarida la Nature mwezi Oktoba 1980. Kazi yenyewe, pamoja na Gerd Jürgens, iliendelea hadi koo zaidi ya 25,000 zikachunguzwa na jeni kama 120 zikapatikana. Walijuaje kwamba wamekaribia mwisho? Kwa kuwapandisha wabebaji wawili wa kasoro zinazofanana: watoto wote wakiwa wazima, jeni zilizoharibika ni mbili tofauti, baadhi yao wakifa vile vile, ni jeni moja iliyopigwa mara mbili. Jeni zile zile zilipoanza kujirudia na mpya kuadimika, wakajua orodha inakaribia kujaa. Mwaka 1995 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Edward Lewis. Jeni yao iitwayo hedgehog, ambayo buu aliyeikosa hujaa vijino kama miiba ya kalunguyeye, ina ndugu yake ndani ya miili yetu. Nakala moja yake ikiharibika, ubongo wa mtoto tumboni unaweza kushindwa kugawanyika sawasawa.

Siku hizi jeni huharibiwa kwa kuchaguliwa. Tangu 1998, Andrew Fire na Craig Mello walipoonyesha kwamba RNA yenye nyuzi mbili huizima jeni inayolingana nayo, mnyoo mdogo huweza kunyamazishwa jeni kwa kulishwa tu bakteria waliotayarishwa. Tangu 2012 kuna CRISPR, mkasi unaoelekezwa kwa herufi. Hizi ni njia za haraka mno. Hata hivyo kumchagua wa kumwondoa ni kumjua tayari, na nyingi za zile jeni za Heidelberg hakuna aliyezishuku.

Ziko jeni ambazo jicho lile la kwenye hadubini halikuweza kuziona. Mama huweka ndani ya yai akiba yake mwenyewe, hivyo mtoto aliyekosa jeni fulani huweza kuishi kwa akiba hiyo. Ili kuzipata jeni hizo walitafuta mama wenye kasoro. Mayai ya mama aliyekosa jeni bicoid hutoa viinitete visivyo na kichwa wala kifua. Mwaka 1986 Hans Georg Frohnhöfer na Nüsslein-Volhard walichukua sindano nyembamba, wakafyonza utomvu kutoka ncha ya mbele ya yai zima, wakauingiza kwenye ncha ya mbele ya yai lenye kasoro. Sehemu za kichwa zikaota. Wakauingiza katikati ya yai, na sehemu za kichwa zikaota katikati, kifua kikiwa upande huu na upande huu.