Soma Alama ya Tairi la Nyuma

Santa Pod, Uingereza, ni uwanja wa mbio za dragi uliofunguliwa 1966 kwenye njia ya ndege ya kambi ya zamani ya vita. Ukitaka kumjua fundi hodari pale, usikodolee macho mstari wa mwisho, mita 402 mbele. Tazama chini, pale pikipiki ilipochomokea, uisome alama nyeusi ya tairi la nyuma.

Upepo ukizidi, tairi huvimba katikati na kugusa lami kwa utepe mwembamba. Klachi ikiachiwa, linazunguka bure. Alama inatoka nyembamba, nyeusi tii, moshi unatanda, watu wanashangilia, na muda umeshapotea. Upepo ukipungua mno, kingo za alama hukolea kuliko katikati, na pikipiki huyumba nyuma ikishika kasi. Hiyo ni hatari, maana tairi laweza hata kuteleza juu ya ringi. Alama ninayoipenda mimi ni pana, rangi yake sawa toka ukingo hadi ukingo. Hapo kuta za tairi zimejikunja kiasi cha kupokea kishindo cha injini bila mpira kuachia lami.

Suzuki Hayabusa ikiwa barabarani hujazwa upepo wa psi 42 nyuma. Uwanjani, kwa tairi la kawaida la barabarani, wengi huanzia kati ya 18 na 25. Tairi la mashindano lisilo na kashata hushuka zaidi. Usinakili namba ya jirani. Uzito wake si wako, wala tairi lake.

Geji inayofika 100 iweke kando kwanza. Tafuta inayoishia 30, ambayo psi moja inaonekana wazi. Pima wakati uleule kila mara, kabla ya kulichoma tairi, yaani kulizungusha papo hapo lipate joto, au baada, kwa sababu joto hupandisha presha bila mtu kugusa pampu. Fundi makini huandika pia joto la lami. Mpangilio wa asubuhi haufai saa nane mchana.

Kisha chukua karatasi ya muda unayopewa baada ya kukimbia, usome muda wa futi 60 za kwanza, yaani mita 18 hivi. Punguza psi moja, rudia, na klachi usiiguse. Muda ukigoma kushuka, au mkia ukianza kucheza, rudisha ile psi moja.

Kabla ya kushika barabara ya nyumbani, acha tairi lipoe, ujaze tena 42.