Chanjo, Dawa na Mkoba: Uhakiki wa Istilahi za Huduma ya Mbwa na Paka

Miongoni mwa nyaraka ambazo watafsiri hupewa kwa haraka na kutakiwa kuzirudisha kesho yake, zimo karatasi za maelezo kwa watu wafugao mbwa na paka: daktari wa wanyama atapita lini mtaani, atachukua dawa zipi, na mwenye mnyama afanye nini baadaye. Ni karatasi ndogo, na huenda ndiyo sababu hazihakikiwi. Sisi tumezisoma kadhaa kwa jicho la istilahi, na tumeona kuwa kasoro zake si za ufasaha peke yake.

Kosa kubwa kuliko yote limo katika neno chanjo. Siku hizi husemwa, na hata kuandikwa, "chanjo ya minyoo" na "chanjo ya kupe". Chanjo, kwa maana iliyokwisha kukubalika katika utabibu, ni kitu kiingizwacho mwilini ili mwili ujifunze kupigana na ugonjwa kabla haujaingia. Dawa ya minyoo haifanyi hivyo. Huwaua minyoo waliomo tumboni siku ile, na mbwa akirudi jaani aweza kuwaokota wengine juma lifuatalo. Sasa tumfikirie mzazi ambaye mtoto wake ameumwa na mbwa wa nyumbani. Hospitalini huulizwa: je, mbwa huyo amechanjwa? Naye, akikumbuka vidonge vilivyotolewa mwezi uliopita, hujibu kwa moyo mweupe kwamba amechanjwa. Hakusema uongo; amelirudisha neno kama alivyopewa. Na kichaa cha mbwa, dalili zake zikisha kumtokea mtu, karibu hakuna anayepona. Linalomwokoa ni kuoshwa jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15, kisha kupata chanjo bila kukawia. Neno "sindano" nalo huzidisha utata, kwa kuwa dawa ya upele wa mbwa pia huweza kupigwa kwa sindano. Kwa hiyo hatuoni udhuru wa kuandika katika cheti "amechanjwa" bila kutaja ugonjwa. Iandikwe "chanjo ya kichaa cha mbwa", na tarehe yake. Dawa ya minyoo iwe na safu yake mbali.

Kosa la pili ni la sarufi, nalo laweza kumuua paka. Tumekutana na maneno "dawa ya viroboto wa mbwa". Msomaji wa kawaida huelewa kuwa kinacholengwa na dawa ni kiroboto. Humtazama kiroboto aliye juu ya paka wake, akamwona ni yule yule, na kwa kweli aghalabu ni yule yule, maana aina moja ya viroboto huwasumbua wanyama wote wawili. Basi humpaka paka dawa ile. Lakini baadhi ya dawa hizo zina pemethrini, ambayo mbwa huistahimili na paka hudhurika nayo vibaya, hata kufa. Mtafsiri angeupanga upya mfuatano wa maneno, akasema "dawa ya mbwa ya kuua viroboto", kisha akaongeza "paka asipakwe", hatari ingalionekana. Uhusishi -a, ambao walimu huufundisha kama jambo jepesi la darasa la chini, hapa umebeba uhai wa mnyama.

Kuhusu minyoo wenyewe, twasikitika kuona neno moja likifanywa kapu la kila kitu, hali lugha yetu ina mchango, ina tegu, na ina safura kwa maradhi yaletwayo na minyoo wanyonyao damu. Twakiri kwamba mchango una taabu yake: mtumishi wa serikali akilisoma neno hilo katika barua, mkono wake huenda mfukoni kabla haujafika tumboni. Tegu, hata hivyo, halina kisingizio. Lakini nalo lataka maelezo. Wengi humjua tegu kuwa ni mnyoo mrefu kama utepe, apatikanaye kwa kula nyama isiyoiva. Yuko tegu mwingine wa mbwa ambaye urefu wake ni milimita chache tu, asiyeweza kuonekana kwa urahisi katika kinyesi. Mbwa humpata kwa kula maini na mapafu mabichi yenye malengelenge. Mtu humeza mayai yake kutoka katika mikono, maji au vyombo vilivyochafuliwa na kinyesi cha mbwa, kisha huota uvimbe wa maji katika ini au pafu. Huko Turkana, Kenya, ugonjwa huu ulikuwa mwingi kiasi cha kuanzishwa mpango maalumu wa kuudhibiti mwaka 1983. Mwandishi akisema tu "pika nyama vizuri ili kuepuka tegu", amefundisha kweli moja na kuificha nyingine.

Neno vimelea tuligusie kwa ufupi. Wengine hulitumia kwa kupe na minyoo, wengine kwa bakteria na virusi pia. Katika karatasi za mbwa, ambamo kupe na virusi vya kichaa hukaa ukurasa mmoja, maana hizo mbili haziwezi kuishi pamoja. Sisi twaliacha kwa wale wa kwanza.

Tafsiri ya sisisi "kliniki inayotembea" imetuchekesha, kwa kuwa atembeaye ni daktari. Watumishi wa afya wa Tanzania wana msemo wao, huduma ya mkoba, na twaona unafaa kwa wanyama pia, ingawa mkoba humkumbusha mzee mganga wa kienyeji zaidi ya daktari. Hilo halina ubaya. Ila itofautishwe huduma ya mkoba, ambapo watu huleta wanyama mahali pamoja, na huduma ya nyumba kwa nyumba. Tangu 2003 mbwa wa vijiji vya kandokando ya Serengeti wamekuwa wakichanjwa katika kampeni, na lengo la kawaida la kampeni za namna hiyo ni kufikia asilimia 70 ya mbwa. Mbwa huburutwa kwa kamba mpaka chini ya mwembe. Paka ni nadra kukubali. Tangazo lisilobainisha huduma ni ipi humfanya mwenye paka angoje mlangoni siku nzima.

Limebaki "mnyama kipenzi", neno ambalo twalisoma sana na kulisikia kwa nadra. Mwenye mbwa wa kulinda boma haoni kuwa anaitwa yeye. Atasema hana kipenzi, ana mbwa. Iandikwe "mbwa na paka", naye atakuja.